UZI: Kabla ya kufunga safari ya Sibiloi, nani ametembea makorongo ya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) ya Nyanza?

#1 MwalimuWaAhero
Hamjambo wanajamvi. Wazazi wa shule yetu wamekubali kuchangia safari moja ya jiografia na historia. Sasa walimu tumegawanyika. Kundi moja linataka Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana: jangwa, makorongo yaliyochongwa na mvua na upepo, miti iliyogeuka mawe, na Koobi Fora yenyewe, mahali maarufu pa visukuku. Mimi nasema hivi, na anayepinga alete hoja: hakuna maana ya kumpeleka mtoto wa Nyanza hadi Sibiloi ilhali hajawahi kukanyaga maeneo ya visukuku ya huku kwetu: Rusinga, Kanjera, Songhor wala Koru. Kutoka hapa Ahero unafika Songhor na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Kuna jambo la pili. Wanafunzi wameniuliza kwa nini mifupa ya kale imejaa sana kuzunguka ghuba yetu ya Winam, na sitaki kuwapa jibu la kubahatisha. Mwenye kujua, au aliyefika, atueleze.

#2 MtembeziNakuru
Mwalimu, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe. Sibiloi haina mfano. Unatembea kutwa nzima na hukutani na mtu. Ardhi imekatwakatwa, vilima vya udongo vina mistari ya rangi ya kijivu, nyekundu na manjano, na chini ya miguu kuna vipande vya mifupa ya viboko, mamba na samaki wa zamani. Kuna sehemu ambapo mabaki ya kobe mkubwa, ya tembo na ya mamba yaliachwa palepale yalipopatikana, yakajengewa kibanda. Halafu kuna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, yamelala mlimani kana kwamba yalikatwa mwaka jana. Mtoto akiona hayo haendi kusahau.

Na fuvu lile maarufu la mtu wa kale, namba 1470, lilitoka huko mwaka 1972. Miaka karibu milioni 3!

#3 MsomiWaMawe
@MtembeziNakuru hesabu hiyo ya milioni 3 ni ya zamani. Mwanzoni majivu ya volkano yaliyo juu ya fuvu hilo yalipimwa vibaya, ukazuka ubishi mkali wa miaka mingi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha majivu yale yana umri wa miaka milioni 1.9 hivi. Kwa hiyo 1470 ni wa kama milioni 1.9 hadi 2. Bado ni mzee wetu, ila si mzee kiasi hicho.

Aliyeliona kwanza ni Bernard Ngeneo. Watoto wafundishwe jina hilo pamoja na majina ya akina Leakey, ile familia ya watafiti wa visukuku.

#4 DerevaWaMaralal
Mimi nazungumzia barabara tu. Kutoka Nakuru unapita Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi, South Horr, hadi Loiyangalani. Kufika hapo hujafika Sibiloi. Bado una mwendo mrefu wa mawe, mchanga na laga (mito mikavu). Mvua ikinyesha huko juu laga inajaa ghafla na unalala ulipo. Basi la shule halifai. Unahitaji magari mawili ya nguvu, mafuta ya akiba, maji ya kunywa ya siku zaidi ya zile ulizopanga, na mtu wa huko anayejua njia. Usiku hatuendeshi. Joto la mchana linapita nyuzi 35 bila shida na upepo wa Loiyangalani unabomoa hema. Mnaona wenyewe kwa nini ile mitambo mikubwa ya umeme wa upepo imewekwa upande huo.

Mwalimu, na watoto arobaini? La.

#5 BintiMbita
Habari zenu. Niko Rusinga, nimezaliwa Rusinga, na nafurahi sana kuona uzi huu.

Hapa kwetu njia ni lami mpaka Mbita, halafu unavuka daraja unaingia kisiwani. Mnaotoka upande wa Bondo mna feri ya Luanda Kotieno. Mkishafika, mnatembea kwa miguu kwenda mlima Hiwegi. Ukiwa mbali unaona kilima kama vingine. Ukikaribia unaona ubavu wake umepasuka makorongo, udongo wa kijivu unaong'aa, hauna nyasi. Pale ndipo wanapookota. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapa kisiwani fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia, wa miaka milioni 18. Zamani liliitwa Proconsul, tangu 2015 wataalamu wanaliita Ekembo. Na lile jina la pili, heseloni, ni la kumheshimu Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey tangu ujana wake.

Si nyani tu. Kuna majani, matunda, mbegu, wadudu, hata visiki vya miti vikiwa na mizizi yake ardhini, vyote jiwe. Utafiti uliotoka 2014 ulieleza msitu mzima, mti mmoja karibu na mwingine, matawi yakigusana juu. Ukisimama pale leo jua linakupiga utosini, mti wa karibu ni mmoja wa miiba, na unaambiwa umesimama ndani ya msitu.

Mje asubuhi na mapema. Saa tano jua limeshakuwa kali.

#6 Otish254
Wasee, na dinosa? Kuna dinosa Rusinga? Mdogo wangu hataki kusikia kitu kingine.

#7 MsomiWaMawe
@Otish254 hakuna. Dinosa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na Rusinga ni milioni 18, mapengo makubwa. Mifupa ya dinosa nchini imepatikana Lapurr, kaskazini magharibi mwa Turkana. Lakini mwambie mdogo wako kuhusu Rusingoryx: jamaa wa nyumbu aliyeishi Rusinga makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na pua yake ilikuwa na mfupa wenye uwazi ndani, umeinuka juu ya uso. Umbo la namna hiyo lilijulikana kwa dinosa fulani tu. Wataalamu wanadhani alilitumia kutoa sauti nzito ya mbali. Habari hizo zilichapishwa 2016.

#8 Otish254
Nyumbu wa tarumbeta! Hiyo inatosha, namwambia usiku huu.

#9 JaKoru
Rusinga, Rusinga, kila siku Rusinga. Mnasahau nyumbani kwa mambo haya yote ni huku kwetu kwenye miwa. Mabaki ya kwanza ya Proconsul yalitoka Koru, kwenye machimbo ya chokaa ya daktari mmoja mlowezi, Gordon, miaka ya 1920. Mtaalamu Hopwood akayapa jina 1933. Fuvu la Mary Leakey lilikuja miaka kumi na mitano baadaye.

Na Meswa, jirani na hapa, ndipo alipotoka Simbakubwa kutokaafrika. Ndiyo, jina la kisayansi ni hilo hilo mnalolisoma. Taya yake ilikaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi miaka mingi mpaka watafiti wawili walipoitazama upya na kuitangaza 2019. Alikuwa mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote unayemjua, umri wa miaka milioni 22 au 23, ingawa si simba wa kweli, ni ukoo mwingine uliokwisha kabisa.

Sisi tukichunga ng'ombe Songhor utotoni tulikuwa tukiona konokono wa mawe. Konokono kamili, na mzunguko wake, ila ni jiwe. Tuliwapanga mstari tukicheza sokoni. Hakuna aliyetuambia ni wa miaka milioni 19 au 20.

#10 MwalimuWaAhero
Shukrani @JaKoru. Hao konokono ndio nataka wanafunzi waone, kwa sababu konokono wa nchi kavu anakueleza mahali palikuwaje, pakavu au pa msitu. Sasa turudi kwenye swali la pili: kwa nini hapa?

#11 MsomiWaMawe
Jibu langu ni majivu. Rusinga na Mfangano zilikuwa miteremko ya volkano kubwa iitwayo Kisingiri. Kilichobaki ni milima ya Gembe na Gwasi, na Rangwa katikati ndipo palipokuwa na koo la volkano. Koru, Songhor na Fort Ternan vilikuwa chini ya volkano ya Tinderet. Homa nayo ni volkano. Na hizi zilitoa kitu adimu duniani: lava na majivu yenye chokaa nyingi. Leo volkano hai ya namna hiyo ni moja tu, Ol Doinyo Lengai kule Tanzania.

Sasa fikiria msitu wenye mvua. Mnyama akifa msituni, udongo wenye tindikali unakula mfupa wake, haubaki. Majivu ya chokaa yakimwagika juu yake yanaiua ile tindikali, halafu maji yanayopita yanageuza majivu kuwa saruji. Mfupa, konokono, tunda, vyote vinafungwa ndani. Bila chokaa ile, msitu wa Rusinga ungeoza wote na tusingejua ulikuwepo.

#12 MtembeziNakuru
Maelezo matamu, lakini Sibiloi je? Kule hakuna volkano ya chokaa na mifupa imejaa. Kule ni mto na ziwa: mafuriko yanaleta matope, yanafunika mzoga, mwaka unaofuata mengine juu. Majivu ya volkano yapo, yaliletwa na mito na upepo, yakawasaidia wataalamu kupima umri tu. Kwa hiyo chokaa si lazima.

#13 MsomiWaMawe
Sijasema ni lazima kila mahali. Nasema kwa msitu ni lazima. Nyanda kavu zenye ziwa ni habari nyingine.

#14 Mwana_wa_Tugen
Chamgei wote. Mnabishana kama vile Bonde la Ufa halipo. Milima ya Tugen, Baringo, ina matabaka ya tangu miaka zaidi ya milioni 14 hadi juzi, moja juu ya jingine, ni vigumu kupata pengine mfano wake Afrika. Kapsomin ndipo alipopatikana Orrorin, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 2000, miaka milioni 6, wa kwanza kabisa kutembea kwa miguu miwili. Na kule hakukuhitajika chokaa yenu. Ardhi ilizama, bonde likajaa mashapo, kisha nyufa za ufa zikaiinua tena ikapasuka ikaonekana. Sababu ni ufa. Bila ufa, hata Kavirondo yenu, maana ghuba ya Winam ni tawi la ufa, isingekuwepo.

#15 NyarAlego
@Mwana_wa_Tugen kwa heshima, kusema wa kwanza kabisa ni kusonga mbele ya ushahidi. Mwaka 2001 kule Chad alipatikana Sahelanthropus, wa kama miaka milioni 7. Kama naye alitembea kwa miguu miwili, wenyewe bado wanavutana, na hata mfupa wa paja la Orrorin una wanaoupinga. Hoja yako ya ufa lakini naipenda. Ghuba yetu kweli ni bonde lililozama, ndiyo maana Nyabondo inasimama kama ukuta juu ya uwanda.

#16 Mwana_wa_Tugen
Dada, Chad ni mbali. Tubaki nyumbani 😄 Kipsaraman kuna makumbusho madogo, mtazamo wa bonde kutoka juu pale ukiuona hutataka kushuka. Njia za miguu ni nyingi, za mbuzi na za watu.

#17 JaNyakach
Mimi sina elimu ya mawe. Nina korongo mlangoni. Niko upande wa Katuk Odeyo, wale waliopita barabara ya Katito wanaliona. Lilianza kama mfereji wa maji, leo limemeza mashamba, njia, na boma la jirani limebaki ukingoni. Watu wa mjini wanakuja kupiga picha wanasema pazuri. Ni kweli jioni udongo ule unawaka rangi. Lakini mzee ambaye babu yake amezikwa hapo haoni uzuri.

Naomba mtu anieleze: mnayoyasifu Sibiloi na Hiwegi, ni yale yale yanayotumaliza sisi?

#18 MsomiWaMawe
@JaNyakach pole sana jaduong'. Kazi ni ile ile, maji yanakata udongo usio na majani. Tofauti ni mwendo. Na udongo wa kwenu una chumvi ya sodiamu nyingi. Ukilowa unayeyuka ndani kwa ndani, mashimo yanatoboka chini kabla juu hapajaanguka.

#19 MamaSare
Msimwambie udongo peke yake. Mimi ni wa Nyakach pia. Wazee wetu wanasema korongo lilipata nguvu na mvua kubwa za 1961 na 1962, zile za kabla ya Uhuru ambazo ziwa lilipanda. Kabla ya hapo palikuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Ng'ombe wanapita pale pale kila siku, majani yanakufa, maji yanapata njia.

#20 Boda_ya_Katito
Na miti ya Nyabondo ilikatwa. Maji yote ya juu yanashuka kwetu kwa fujo. Mlima ukiwa na miti mvua inashuka polepole. Mimi ndiye ninayeendesha pikipiki pale, nimeona kila msimu wa mvua njia inahama.

#21 JaNyakach
Udongo, mvua, ng'ombe, miti. Wote wamekuja na jibu lao. Sisi tumepanda mkonge ukingoni na vikundi vya akina mama wameweka mawe ndani ya nyavu za waya. Pale walipozuia mifugo kwa muda, nyasi zimerudi. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwalimu, wanafunzi wako wapite hapa kwanza. Waone korongo likiwa bado changa.

#22 MwalimuWaAhero
@JaNyakach tutapita, na nitakuomba wewe uwaeleze mwenyewe kama utakubali. Ero kamano.

#23 NyarAlego
Nirudi kwenye swali la kwa nini hapa. Kuna sababu ambayo wapenda mawe hawaisemi: mifupa inapatikana pale watu walipotafuta. Reli ilifika Kisumu 1901. Walowezi wakachimba chokaa Koru. Shemasi mkuu Owen, yule mmishonari wa huku Nyanza, alipenda visukuku akachimba kisiwa cha Maboko miaka ya 1930. Louis Leakey, mume wa Mary, akawa na marafiki, boti na barabara. Fort Ternan ilikuwa shamba la mlowezi, Wicker, na kisukuku cha nyani wa kale, Kenyapithecus, kikapewa jina lake miaka ya 1960. Nani ametafuta kwa bidii ile ile Kakamega? Busia? Huenda mifupa ipo, hakuna aliyeinama.

#24 MsomiWaMawe
Kakamega na sehemu kubwa ya Busia ni mwamba wa zamani mno, mabilioni ya miaka, kabla ya mnyama yeyote mwenye mfupa. Hapo hata ukiinama mwaka mzima hupati kitu. Na tazama Uganda: Napak na Moroto, visukuku vipo, na ni volkano zilizokufa. Narudia, majivu.

#25 NyarAlego
Napak na Moroto pia zilitafutwa kwa sababu zilikuwa volkano. Unaona mzunguko wenyewe.

#26 JaKoru
Nyinyi wawili mtatufanya tusahau kula. Mimi naona wote mna haki ila Songhor ndiyo ya kwanza kutembelewa.

#27 BintiMbita
😄 JaKoru haachi.

Niongeze kisa kimoja cha hapa ambacho wataalamu walikisoma vibaya miaka mingi. Kuna mifupa ya Ekembo iliyopatikana ndani ya duara la mawe ya kijani katikati ya mwamba mwingine. Wakadhani ni shimo lililochimbwa na maji ya mto. Miaka ya 1980 wakatazama tena wakagundua ni shina la mti mkubwa lililokuwa na tundu ndani. Volkano ilizika mti ukiwa umesimama, ukaoza, na tundu likajaa mchanga na mifupa. Labda mnyama mla nyama alikuwa akijificha humo na mawindo. Hivyo mtu akija hapa nampeleka kwenye mwamba ule na namwomba asitazame mfupa, atazame umbo la shimo.

#28 Wakili_Milimani
Nataka kukumbusha jambo kwa sababu naona picha za watu wakiwa wameshika vipande mkononi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 iko wazi. Kisukuku ni mali ya taifa. Ukikiona unatakiwa kuarifu, hutakiwi kukibeba wala kukiuza, hata kama umekiokota shambani kwako. Mahali kama Songhor pametangazwa kuwa hifadhi ya urithi. Mwalimu, wanafunzi waambiwe kabla ya kushuka garini.

#29 Otish254
Hata konokono wa JaKoru?

#30 Wakili_Milimani
Hata konokono.

#31 MsomiWaMawe
Na sababu si sheria tu. Kipande kikishatolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Kisa cha Kanam kinatosha. Mwaka 1932 Juma Gitau, mfanyakazi wa Leakey, alipata taya ya mtu Kanam, rasi ya Homa. Leakey akasema ni ya zamani sana. Akaweka alama za vyuma kuonyesha mahali. Mwaka 1935 akaja mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, Boswell, kuhakikisha. Leakey akaenda kumwonyesha, vyuma havipo! Mvua zilikuwa zimeshabadilisha makorongo na picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya sehemu nyingine. Boswell akaandika kwamba ushahidi hauaminiki. Sifa ya Leakey ikaumia kwa miaka.

#32 JaKarachuonyo
Hivyo vyuma najua vilikokwenda! Vilitengenezwa ndoana na mikuki ya samaki. Chuma kizuri kimesimama korongoni bila mwenyewe, na ziwa liko pale. Mvuvi wa Karachuonyo angefanya nini? Marehemu babu yangu alikuwa akicheka mpaka machozi akisimulia, ingawa hakuna aliyewahi kutuambia ni nyumba gani ilikula samaki wa Leakey.

#33 NyarAlego
Nacheka na mimi, lakini tazameni mambo yalivyogeuka. Rasi ile ile ya Homa leo inaheshimika dunia nzima. Kanjera Kusini kuna zana za mawe za kama miaka milioni 2, na baadhi ya mawe yale yalibebwa kutoka zaidi ya kilomita 10. Nyayanga, utafiti uliotangazwa 2023, zana zina umri kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zimelala pamoja na mifupa ya kiboko iliyokatwakatwa. Na magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu, palepale. Ni yeye aliyemchuna kiboko, au mwingine aliyepita? Hakuna anayejua.

#34 MtembeziNakuru
Mwingine. Paranthropus alikuwa na taya za kutafunia majani.

#35 NyarAlego
Na mikono alikuwa nayo.

#36 MtembeziNakuru
Sibiloi pia ina swali hilo. Ileret, nyayo za miaka milioni 1.5 kwenye matope ya ziwa. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba aina mbili tofauti zilipita ufukwe huo huo, kwa tofauti ya saa chache au siku chache. Ukisoma hivyo ndipo unajua kwa nini nataka watoto wafike kule. Mbuga ile imekuwapo tangu 1973, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1997, na 2018 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mabwawa ya Mto Omo. Tusipoizoesha kizazi hiki nani atailinda?

#37 DerevaWaMaralal
Nakubali, ila si kwa basi la shule.

#38 Kolwa_Mkubwa
Habari za mchana. Nyinyi vijana mmesema volkano, ufa, mto. Mkifika Kendu Bay msipite Simbi Nyaima. Sisi tunajua bibi kizee alinyimwa chakula na mahali pa kulala, mvua ikaja usiku, kijiji kikazama na sherehe yake. Mimi sisemi mifupa yenu ni ya kijiji hicho. Nasema wenyeji walijua kabla ya wazungu kwamba ardhi hii inafunika watu.

#39 MsomiWaMawe
Mzee wetu, na ziwa lile kweli ni shimo la mlipuko wa volkano, maji yake ya magadi. Hadithi na jiwe viko mahali pamoja.

#40 Kolwa_Mkubwa
Basi usiseme majivu tu.

#41 MwalimuWaAhero
Nimesoma yote na nimewasomea wanafunzi wa kidato cha tatu sehemu kubwa. Darasa limegawanyika kama nyinyi: kuna wa majivu, kuna wa ufa, na msichana mmoja amesimama na NyarAlego kwamba wanaotafuta ndio wanaoamua. Nimewaacha wabishane.

Mpango wetu ni huu. Alfajiri tunaanza Katuk Odeyo kwa JaNyakach. Kisha Kendu Bay, Simbi, halafu Kanjera tukiwa na ruhusa na mtu wa pale. Tunalala Mbita. Asubuhi Hiwegi. Sibiloi tutawaachia watakaoendelea na jiografia, MtembeziNakuru usinichoke.

Maswali: ruhusa naiombea wapi, na watoto wavae nini?

#42 BintiMbita
Ruhusa andika barua mapema kwa Makumbusho ya Taifa, nakala kwa chifu wa eneo. Usije bila mtu wa kijiji. Yeye ndiye anayejua shamba la nani mnalokanyaga. Viatu vya kufunika kidole, raba yenye meno chini, kwa sababu udongo ule mkavu unateleza kama kokoto kwenye bati. Kofia. Maji lita mbili kila mtoto. Suruali ndefu, miiba ipo na nyoka wapo kwenye vivuli vya mawe, wasiingize mkono wasipopaona. Mvua ikianza mtoke korongoni mara moja, hata ikiwa ni mawingu tu upande wa Gwasi.

Penseli na daftari, wachore wanachokiona. Kaburi la Tom Mboya liko njiani, mtapita.

#43 Boda_ya_Katito
Basi lisishuke mpaka ukingoni Katuk Odeyo. Mliache barabarani, mtembee. Ukingo umetoboka chini, juu unaonekana mzima.

#44 JaNyakach
Kweli kabisa. Nitawangoja barabarani. Mnijulishe siku tu.

#45 Wakili_Milimani
Barua ya Makumbusho iandikwe na shule, si mwalimu binafsi. Na bima ya wanafunzi.

#46 JaKoru
Na Songhor imeachwa hivi hivi? Mwalimu, kutoka Ahero kwenda Kendu Bay na kutoka Ahero kwenda Songhor, ipi ni karibu? Jibu hilo tu.

#47 MwalimuWaAhero
Songhor ni karibu, ndiyo maana tutakwenda siku nyingine kwa safari yake peke yake. Muhula ujao. Wewe ndiye mwongozaji.

#48 JaKoru
Sawa. Muhula ujao ni kabla au baada ya mavuno ya miwa? Matrekta yakianza kubeba, barabara ya Chemelil haipitiki kwa vumbi.